Gari ya mzee imefufuka, kadi yake je?

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Zilitoka mikoa tofauti tofauti, nyingine zimepigwa rangi mpya mpaka unajiona usoni, nyingine zimekuja na vumbi lake la porini hivyo hivyo, lengo likiwa kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover ambayo Wajerumani waliiweka 2018 kwa gari 632. Watu walifurahi na mimi nilifurahi, lakini kila nilivyokuwa naangalia picha za zile Land Rover ndefu za miaka ya sabini zinazoitwa 109 (ni inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma) nilikuwa nawaza kitu kimoja, hivi ukifungua boneti ya hii gari, injini iliyomo ndo ile iliyoandikwa kwenye kadi?

Nauliza kwa nia njema kabisa. Anayezijua hizi gari anajua kwamba 109 iliyobaki na injini yake ya kiwandani ya lita 2.25 ni ya kutafuta kwa tochi. Nyingi zina injini ya Isuzu, zina TD27 ya Nissan, zina 3L ya Toyota, maana mafundi wetu walishaamua zamani kwamba gari inatakiwa itembee na spea ni ile inayopatikana, na uamuzi huo ndo umeziweka hizi gari hai mpaka leo wakati kwenye nchi nyingine zilishakuwa vyuma chakavu. Shida yangu ipo kwenye karatasi. Tuna mafundi wanaoweza kufufua gari iliyokaa chini ya mwembe miaka ishirini, ila hatuna utaratibu unaoeleweka wa kuirudisha hiyo gari barabarani kisheria ikiwa na historia yake yote imeandikwa kama ilivyo, na matokeo yake mtu mwaminifu aliyejenga gari ya baba yake anaonekana sawa na yule aliyeiba gari Tegeta akaikata akaiunga na nyingine.

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi ya gari ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, inaitambua gari kwa vitu vichache, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, mafuta inayotumia. Kwa gari mpya au hizi za mtumba kutoka Japani hamna tabu, inashuka bandarini na vitu vyake vyote na kadi inaandikwa kwa kunakili. Sasa chukua gari ya 1974. Rangi imebadilika, bodi ilikuwa pick up imefungwa kuwa stesheni wagoni, injini ilikuwa ya petroli sasa ni dizeli, ukubwa wa injini sio ule, yaani katika yale yaliyoandikwa kwenye kadi kilichobaki salama ni namba ya usajili, namba ya chesisi na mwaka. Na hiyo chesisi nayo ina hadithi yake.

Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inajiuguza na vita na chuma kilikuwa cha mgao, kwahiyo bodi wakaitengeneza kwa aloi ya aluminiamu, chuma wakakiacha kwenye chesisi. Ndo maana leo unakuta bodi imebondeka huku na huku lakini haina kutu, unanyoosha unapiga rangi yanaisha, wakati chesisi chini imeliwa mpaka unapitisha bisibisi. Kwenye hii gari kinachokufa kwanza ndo kile kile kinachobeba utambulisho wake. Hili watu wengi hawalifikirii mpaka siku gari ipo juu ya mawe.

Ukitaka kuona ninachosema nenda gereji yoyote inayojua Land Rover, uombe kuiona namba ya chesisi ya Series II au Series III, yaani yale matoleo ya zamani. Unainama mbele upande wa kulia, chini ya bampa, pale ncha ya chesisi inaposhika springi, na pale unakuta uchafu wa miaka umeganda, mafuta na vumbi na rangi juu ya rangi. Fundi mzoefu hatumii grenda hata siku moja hapo. Anapitisha brashi ya waya taratibu, anaosha kwa petroli, anapaka chaki halafu anafuta juu juu kwa kidole, chaki inabaki ndani ya tarakimu zilizozama na wewe unamulika tochi ya simu kwa ubavu ndo zinaanza kusomeka moja moja. Mara nyingi mbili za mwisho zimeliwa. Au kipande chote kilishakatwa zamani na fundi mwingine akaweka bati jipya kwasababu kutu inaipenda sana hiyo kona, na alipokata hakuna aliyemwambia kwamba anatupa kitambulisho cha gari kwenye rundo la vyuma. Kibati kingine cha namba kinakuwa kwenye ule ukuta kati ya injini na kebini lakini kile ni cha kufungua kwa bisibisi tu, polisi yeyote makini hawezi kukiamini peke yake na yupo sahihi.

Sasa mtu huyu afanye nini? Akienda kukaguliwa mkaguzi anatafuta namba, haioni. Mkaguzi akiandika kwamba namba haipo, hiyo kwenye macho ya sheria ni dalili ya gari ya wizi. Fundi anamwambia usijali tunagonga hapa, na akikubali kugonga mwenyewe namba juu ya chuma kipya, hata kama ni namba ile ile ya kwenye kadi, tayari kafanya kitu kile kile ambacho mwizi hufanya na hana cha kuonyesha kutofautisha. Hapo ndo naposema mfumo unawaweka watu wawili tofauti kabisa kwenye kapu moja. Sio kwamba wakaguzi wabaya, hapana, wengi wanajua gari vizuri tu, ila hawajapewa kisanduku cha kuweka tiki kinachosema hii gari imejengwa upya kihalali na nimeona kabla na baada.

Halafu kuna tabu ya umri wa makaratasi yenyewe. TRA ilianzishwa kwa sheria ya 1995 na kuanza kazi Julai 1996. Gari ya 1974 ilisajiliwa kabla hata mamlaka inayotunza kumbukumbu zake haijazaliwa, mwenye gari hakuwa na TIN, namba ya mlipakodi, maana haikuwepo ya kumtaka, namba ya gari ilikuwa ya mfumo wa zamani kabla hatujahamia hii ya T na tarakimu tatu na herufi tatu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari zilizokuwa zinatembea wakati huo zilihama, wenye nazo walienda wakabadilisha. Zile zilizokuwa zimelala nyuma ya nyumba kule Same au Korogwe zikabaki na namba zake za zamani na mpaka leo hazimo kwenye kompyuta. Leo mjukuu anaichukua, anatumia hela ya maana kuijenga, ana kadi ya zamani mkononi yenye mihuri yote, anaambiwa gari haionekani kwenye mfumo.

Na huyo mzee aliyeandikwa kwenye kadi mara nyingi ameshafariki. Hapo huwezi kuruka mirathi. Lazima ukoo ukae, mtu apendekezwe, mahakama ya mwanzo itoe ile fomu namba nne ya usimamizi, ndo msimamizi aweze kuhamisha gari kwenda kwa mrithi au mnunuzi. Nimeona watu wanafanya kinyume, wanajenga gari kwanza halafu mirathi baadae, na gari ikishang'aa ndo wajomba wanakumbuka kwamba na wao ni warithi. Ilipokuwa banda la kuku hakuna aliyeitaka. Kwahiyo jamani kama unafikiria kufufua gari ya marehemu, kabla hujanunua hata boksi moja la welding hakikisha umiliki umeshanyooka, hili nalisema kwa uzito wote kwasababu hela ya kujenga ikishaingia hairudi na mahakama haitaangalia nani alinunua rangi.

Kitu kimoja ambacho serikali ilitusaidia kweli, na lazima kisemwe, ni kile cha bajeti ya 2017, Dk. Mpango akiwa Waziri wa Fedha, ilipofutwa ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kabla ya hapo gari ikisimama ilikuwa inahesabiwa tu, umeipaki imekufa injini lakini kila mwaka deni linapanda, mwisho deni linazidi bei ya gari na mtu anaona bora auze kilo kilo. Sijui ni gari ngapi nzuri zilikatwa vyuma chakavu kwa sababu hiyo. Baada ya 2017 gari isiyotembea hailipi, ikitembea inalipa pale sheli, na kwa gari inayotoka mara moja kwa mwezi huo ndo utaratibu wa haki kuliko wowote.

Lakini ukiacha hilo, sera zetu Afrika Mashariki kuhusu gari ya zamani zinajua neno moja tu, uchakavu. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, Uganda mwaka 2018 waliweka mpaka wa miaka 15, sisi tunaruhusu ila ikizidi umri unalipa ushuru wa uchakavu. Naelewa kabisa sababu yake, hatutaki kuwa jalala la magari ya watu, na kwa hizi gari za kawaida nakubaliana nao. Ila gari ya miaka 12 na gari ya miaka 50 sio kitu kimoja. Ya miaka 12 imechoka. Ya miaka 50 ambayo mtu ameivua mpaka skrubu ya mwisho, akabadilisha nyaya zote, mabomba yote ya breki, bushi zote, iko salama kuliko nusu ya gari zinazobeba abiria barabarani saa hizi. Sheria inayopima kwa mwaka wa kutengenezwa peke yake haiwezi kuona tofauti hiyo.

Wenzetu walikotoka hizi gari walishalifanyia kazi jambo hili muda mrefu, na kinachonivutia sio huruma yao kwa gari za zamani, ni hesabu. Uingereza kwa miaka mingi DVLA, mamlaka yao ya usajili wa magari, walikuwa na utaratibu wa pointi. Chesisi yenyewe, ya asili au mpya ya aina ile ile isiyobadilishwa, pointi 5. Springi na mfumo wake mbele na nyuma 2, aksoli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1. Jumla 14, na ukibaki na 8 gari yako inaendelea na namba yake ya zamani. Sasa piga hesabu kwa 109 ya kwetu yenye Isuzu na giaboksi yake, umepoteza 1 ya injini na 2 za giaboksi, una 11, umepita bila wasiwasi. Angalia injini walivyoipa uzito mdogo kuliko vyote! Kwetu mtu anaona kubadilisha injini ndo kama ameua gari, wakati kwa waliozitengeneza injini ni kitu kinachovaliwa na kuvuliwa, mwili wa gari ni chesisi. Na hata chesisi walijua inaoza, ndo maana ukiweka mpya ya muundo ule ule na una risiti, pointi zako 5 zinabaki.

Tena Agosti 2025 wakalegeza zaidi, ukikarabati kwa kurudisha kitu cha aina ile ile huna haja hata ya kutoa taarifa, na gari iliyobadilishwa sana muundo wake inaweza kubaki na namba yake mradi umewaambia ukweli. Sasa fikiria hiyo maana yake ni nini. Walikaa na pointi miaka na miaka wakagundua kwamba kumnyang'anya mtu namba ya gari hakumfanyi awe mkweli, kunamfanya afiche, na mamlaka isiyojua gari iliyobadilishwa iko wapi ni mbaya kuliko mamlaka inayojua na imeruhusu. Wajerumani wao tangu 1997 wana namba maalum yenye herufi H mwishoni kwa gari ya miaka 30 na kuendelea, lakini huipati mpaka mtaalam aikague na kuandika kwamba ni nzima na haijapotezwa sura yake. Kodi yake ni ya mkupuo, karibu euro 192 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini.

Kuna atakayesema Ulaya ni Ulaya, huku tukifungua mlango huo wezi wote watasema gari zao ni za kufufuliwa. Hoja hii naiheshimu, gari zinaibiwa kweli na kukatwa kweli. Lakini angalia jinsi inavyofanya kazi sasa. Kwa sababu njia halali haieleweki, wengi wanaojenga gari wanakaa kimya, kadi inaendelea kusema petroli wakati gari ni dizeli, trafiki barabarani anaangalia leseni, bima, taa na matairi na hana muda wa kufungua boneti kusoma namba, maisha yanaendelea. Inakuja kulipuka siku tatu tu, siku unauza, siku umepata ajali, na siku gari kama yako imeibiwa mahali. Siku ya ajali ndo mbaya zaidi, kampuni ya bima inaleta mtathmini wake anafungua boneti anakuta injini sio iliyoandikwa, na hapo umewapa sababu ya kubishana nawe kwa kitu ulichokuwa unakilipia. Wizi unajificha kwenye ukimya huo huo. Njia halali ingekuwepo, waaminifu wangekuwa wameshajiandikisha, anayebaki gizani angeonekana.

Na utaratibu wenyewe sio mgumu kiasi hicho. Mtu anayetaka kufufua gari ya miaka 30 na zaidi apeleke taarifa kabla hajakata kitu. Mkaguzi aje aione ikiwa mbovu, asome namba, apige picha, aandike. Gari ijengwe. Kama chesisi inabadilishwa au ile ncha yenye namba inakatwa, kipande chenye namba kisitupwe, kihifadhiwe kikabidhiwe, na namba igongwe upya mbele ya mkaguzi kwa vifaa vya mamlaka, sio vya gereji. Injini iliyowekwa iwe na risiti na makaratasi yake ya forodha, kama ilitoka gari nyingine hapa nchini basi na kadi ya gari hiyo ijulikane imefungwa. Ikimaliza ikaguliwe tena, na kadi mpya itoke na mstari mmoja tu wa ziada, imejengwa upya mwaka fulani. Mstari huo ungemsaidia mnunuzi, polisi, bima, na mtu wa forodha siku gari inavuka Namanga kwenda Nairobi kwenye maonyesho. Wataalam wa kufanya hiyo kazi tunao, NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar es Salaam, wana kituo cha ukaguzi, na kwenye polisi wapo wakaguzi wenye uzoefu wa miaka. Gharama alipe mwenye gari. Anayetumia mamilioni kwenye bodi na viti hawezi kushindwa ada ya ukaguzi, na mimi siombi msamaha wa kodi hata kidogo.

Wakati tunasubiri hilo, anayejenga leo asikae mikono mitupu. Piga picha kila hatua, namba ya chesisi ukiwa umeipaka chaki, injini ya zamani kabla haijatoka na namba yake, mpya kabla haijaingia. Risiti za maduka ya spea ya Gerezani zile za karatasi laini zinafutika haraka, zipige picha siku hiyo hiyo. Ukibadilisha injini au rangi nenda kabadilishe kwenye kadi hata kama hakuna aliyekuuliza, kwa sababu ukienda mwenyewe una maelezo ila ukikamatwa nayo una kesi. Na kama fundi anakwambia atakugongea namba, mkatalie hapo hapo.

Kuna sehemu moja ambayo nataka ukaguzi uwe mkali kuliko watu wangu wa gari za zamani wanavyopenda, nayo ni breki na mikanda. Wengi tunaweka injini yenye nguvu kuliko ya kiwandani na kuacha breki zile zile za dramu zilizotengenezwa kwa gari ya kilomita 80 kwa saa, halafu tunaingia nayo Chalinze katikati ya mabasi. Hapo hakuna cha uasili. Injini ikiongezwa nguvu breki ziongezwe, mafundi wanajua kufunga za disk mbele, na busta ifungwe. Mikanda iwekwe viti vya mbele hata kama 1965 haikuwepo. Zile benchi za pembeni za nyuma kwenye 109, ambazo wote tulizikalia magoti yakigongana tukienda kijijini, mimi ningezisajili kama viti vya kuonyeshea gari ikiwa imesimama, na kadi iandike abiria ni wale wa viti vya mbele tu.